Mke wa Usenge Saba

Sauti ile Agneta Nasambu aliijua kabla hajamwona mwenye nayo. Ilikuwa Jumapili ya Agosti 1985, soko la Kibuye limefurika hadi barabarani, wauza mitumba wakishindana kelele na wauza kuku, naye ameinama juu ya karai la mama mmoja akichagua ngege. Nyuma yake mwanamume akasema polepole, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa:

"Mama, hii samaki jicho yake imelala tangu jana. Usinidanganye, mimi mtu wa ziwa."

Agneta akageuka. "Samahani," akasema, "wewe si Usenge Saba?"

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la buluu la kazini limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani. Alimtazama dada huyu mwenye gauni la manjano lenye mabega yaliyotuna, nywele amezitia dawa zikajikunja na kung'aa kama ilivyokuwa fasheni mwaka huo.

"Usenge nini?"

"Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni, kutoka bandarini. 'Opareta, naomba Usenge saba, tafadhali.' Kisumu nzima hakuna mtu mwingine anaambia opareta tafadhali."

"Yawa!" Mwanamume akacheka, na meno yake yakaonekana kwa mara ya kwanza. "Kumbe ni wewe yule wa 'subiri kwenye laini'? Mimi nilidhani wewe mama mnene wa miaka hamsini."

"Na mimi nilidhani wewe padri."

Aliitwa Joram Opiyo, na kazi yake ilikuwa kusimamia mizigo inayopanda na kushuka melini bandarini Kisumu. Nambari saba ya Usenge, kijijini kwao, ilikuwa simu ya duka la Dalmas, na kila Ijumaa Dalmas alimwita mzee wake Opiyo aje kusalimiana na mwanawe. Agneta yeye alitoka Bungoma, alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwa miaka mitano alikuwa ameketi mbele ya ubao wa simu akichomeka na kuchomoa waya, akiwaunganisha wachumba, madeni, matanga na harusi za watu. Hakuna hata siku moja ubao ule uliwaka kwa ajili yake. Jioni alirudi chumbani kwake, akapika ugali wa mtu mmoja, akala akisikiliza redio ya jirani ukutani. Upweke wa namna hiyo haumwui mtu, lakini humfanya azungumze na sufuria.

Basi wakaanza kukutana Jumapili, soda mbili na mandazi, katika mkahawa mmoja karibu na kituo cha basi. Wiki ya tatu kila mmoja akatoa lililomkaa kooni.

La Opiyo lilikuwa hili. Yeye na ndugu yake Odongo ni mapacha; Opiyo alitangulia kutoka tumboni, na aliyetangulia kutoka ndiye atangulie kuoa. Sasa Odongo alikuwa na msichana wake, Lornah, na Lornah alikuwa na mimba. Mzee alikuwa amekataa katakata. Mdogo hawezi kumleta mke bomani wakati mlango wa mkubwa hauna mwanamke.

"Na wewe huna mtu?" Agneta akauliza.

"Nilikuwa naye. Aliona mimi nachelewa kuongea, akaolewa na mwingine mwenye maneno."

"Tumbo ya Lornah nayo haitachelewa."

"Hapo ndipo nakosa usingizi."

La Agneta lilikuwa zito zaidi. Dada yake mkubwa, Nabututu, alikuwa amefariki mwezi wa pili akiacha watoto watatu na mume, Enos Waliaula, mwalimu wa shule ya msingi. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekaa wakaona jambo la kawaida kabisa: mdogo wake marehemu, ambaye hajaolewa, aende akawashe moto jikoni katika nyumba ya dada yake. Baba yake, mzee Wepukhulu, alikuwa ameandika barua mbili.

"Huyo mwalimu ni mtu mbaya?"

"Hapana. Ni mtu mzuri sana. Lakini kila akiniangalia anamwona Nabututu. Nitalala kwa kitanda yake, nivae shuka yake, niitwe mama na watoto yake. Nitakuwa marehemu nikiwa hai." Akazungusha chupa ya soda mezani. "Wangeniacha tu kama ningekuwa nimeolewa." Kisha akacheka. "Si tuoane basi, Usenge Saba? Shida yako iishe na yangu iishe."

Opiyo hakucheka. Alilipa soda, akamsindikiza, akaenda zake.

Ijumaa saa kumi na moja taa ya bandarini ikawaka kwenye ubao.

"Opareta, leo sitaki Usenge."

"Unataka wapi, bwana?"

"Nataka hapo hapo. Ile maneno ulisema Jumapili ukicheka. Ulikuwa unacheka kweli?"

Agneta aliangalia kushoto na kulia. Wenzake walikuwa kila mmoja na waya zake. "Hapana," akanong'ona.

"Basi mwaka mmoja. Odongo aoe, mtoto azaliwe, wazee wa kwenu wamtafutie mwalimu mke mwingine. Halafu kila mtu na njia yake, bila ubaya. Mimi sitakugusa. Na sitasema uongo zaidi ya ule unaohitajika. Mbele ya watu nitakuita kwa jina lako."

"Dakika tatu zimekwisha, bwana. Unaendelea?"

"Nimemaliza. Nangoja jibu."

"Jibu ni ndiyo," akasema, akachomoa waya upesi kama aliyeungua.

Walioana Novemba mbele ya mkuu wa wilaya, ng'ombe wakapelekwa Bungoma ili mzee Wepukhulu asione amedharauliwa, na Krismasi Agneta akapelekwa Usenge, akapokewa kwa vigelegele. Wiki moja baadaye Lornah naye akaingia bomani, tumbo mbele. Mila ikatulia. Kila mtu alifurahi isipokuwa wale wawili walioileta furaha yenyewe, maana wao hawakujua kama wanaruhusiwa kufurahi.

Nyumba yao ya Kisumu ilikuwa ya vyumba viwili katika majumba ya wafanyakazi. Agneta alilala chumbani, Opiyo kwenye kochi sebuleni, na katikati palining'inia pazia la maua. Yeye aliingia kazini alfajiri, Agneta aliingia mchana na kurudi jioni. Walipishana mlangoni kama walinzi wa zamu. "Chai iko kwa thamosi." "Asante." "Maji yamekatika." "Sawa." Mbele ya watu Opiyo alishika ahadi yake: jirani akiuliza, alisema, "Huyu ni Agneta," akaishia hapo. Kila aliposema hivyo, Agneta alihisi kitu kinamdunga, na akajilaumu, kwa kuwa ndivyo walivyopatana.

Lakini simu! Kwenye simu Opiyo alikuwa mtu mwingine. Bandari ikipoa alipiga, na taa ile ilipowaka Agneta alijikuta akiipangusa jasho mikono kwenye sketi.

"Opareta."

"Sema, Usenge Saba."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Nimekula, lakini hiyo mboga yako ilikuwa na chumvi kama ya kuhifadhi samaki wa mbuta."

"Basi kesho upike mwenyewe, jeuri wewe."

"Nikipika utalia, jaber, mrembo wewe. Utalia uniambie usipike tena. Hapa meli inaingia kutoka Mwanza, imejaa ndizi na nyuki. Nyuki kweli! Watu wanakimbia wameacha viatu. Nilitaka tu kukuambia."

"Kwa nini mimi?"

"Sijui. Nikiona kitu siku hizi, naona kama sijakiona mpaka nikuambie."

Halafu jioni wanakutana sebuleni, mtu na mtu, na maneno yote yanawakauka. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na wawili hawa walikuwa wameuficha wao kwa pazia la maua. Kila mmoja alimpenda mwenzake, kila mmoja alidhani ndiye peke yake aliyevunja mapatano.

Mwaka ukaisha. Lornah alikuwa amejifungua msichana, wakampa jina la Aoko. Mwalimu Enos alikuwa ameoa mjane wa Chwele. Hakuna tena aliyekuwa na shida, na hilo ndilo lililomtisha Agneta. Desemba ilipoingia, alingoja Opiyo aseme neno. Opiyo hakusema. Penzi ni kikohozi, halifichiki, lakini hawa walikuwa wamejifunza kukohoa ndani ya mto.

Sasa, Agneta alikuwa na sanduku la bati alilokuja nalo, kufuli yake imekufa zamani, likifungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Lilikaa chini ya kitanda. Jumanne moja alirudi kutoka kazini mapema akalikuta juu ya kitanda. Lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa, limetiwa kufuli mpya, ufunguo umo. Akalifungua. Lilikuwa tupu.

Akasema kwa sauti, peke yake, "Sawa. Nimeelewa." Akatoa gauni moja moja kwenye msumari. Gauni la manjano ndilo alilolikunja mwisho. Opiyo alipofika nyumbani alikuta pazia limefunguliwa, kitanda kimetandikwa, na thamosi ya chai mezani, bado moto.

Naye akasema, "Sawa. Mwaka umeisha."

Mwenye akili atauliza: kwa nini hakumfuata? Mji wenyewe si mkubwa, na alijua anapofanya kazi. Ndiyo, alijua. Kila Ijumaa saa kumi na moja taa iliwaka kwenye ubao, na mara nyingi iliangukia kwa Agneta, aliyekuwa sasa amepanga chumba Manyatta.

"Opareta, naomba Usenge saba, tafadhali."

"Subiri kwenye laini."

Basi. Maneno nane kwa wiki. Alimwunganisha, na akishasikia Dalmas ameitikia, alitoka kwenye laini papo hapo, maana sheria ya kazi ilikataza kusikiliza, na Agneta hakuwahi kuivunja. Wenzake walisikiliza ugomvi wa matajiri wakacheka mpaka machozi. Yeye alijishikilia. Miezi kumi alijishikilia namna hiyo, akirudi jioni kuzungumza na sufuria. Alizoea kununua samaki mmoja mdogo, na mama wa Kibuye akazoea kumwuliza, "Leo pia peke yako, dada?" Akaacha kwenda Kibuye.

Oktoba 1987, siku ya Jumatano asubuhi, Agneta akiwa ameshika zamu ya mwenzake, taa ya Usenge ikawaka.

"Opareta, ni Dalmas hapa, nambari saba. Nipe bandari upesi, nipe Joram Opiyo. Mzee ametuacha."

Agneta alishika ukingo wa ubao. "Dalmas. Ni mimi. Agneta."

"Ooh, mke wetu! Pole sana, nyar Bungoma, binti yetu wa Bungoma, pole. Mzee ameenda akikutaja. Ile sukari ulituma mwezi jana ndiyo alikuwa anakunywa nayo uji mpaka jana."

"Sukari gani?"

"Si ile ulimpa Opiyo? Na lile blanketi ya wakati wa mvua. Kila Ijumaa Opiyo anatuambia vile uko, kazi imekubana huwezi kuja, lakini unasalimia. Mzee alikuwa anauliza wewe kwanza kabla ya mtoto wake."

Miezi kumi alikuwa amefungua laini ile kwa mkono wake mwenyewe na kuondoka, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa akizungumzwa.

"Mama? Uko kwa laini?"

"Niko, Dalmas. Nitamwambia mimi."

Akachomeka waya wa bandarini. Opiyo alipoitikia, akamwambia taratibu kwa maneno yake mwenyewe, si ya opareta. Kisha hakutoka kwenye laini. Alikaa, akamsikiliza akilia, mpaka msimamizi akaja kusimama nyuma ya kiti chake, akamwona uso, akaondoka bila neno.

Mchana huohuo Odongo alimpigia kutoka dukani kwa Dalmas, sauti imemkauka.

"Shemeji, Opiyo amesema hautakuja. Ati mliachana! Mimi nimemwambia hiyo nitajua baadaye, sasa kuna kifo. Wewe unajua sisi. Mzee akishazikwa, nyumba ya mkubwa ndiyo inafunguliwa kwanza, mtu analala hapo na mke wake, ndipo wadogo wafuate. Opiyo akikosa, mimi na Lornah tumefungwa, wote tumefungwa. Shemeji, tunakuhitaji. Siku nne peke yake."

Agneta aliomba ruhusa, akavaa kitambaa cheusi, akaenda bandarini kwa miguu. Alimkuta Opiyo ameketi juu ya gunia karibu na reli za mabehewa, mikono imelala magotini. Alikuwa amekonda.

"Pole," akasema.

"Asante."

"Odongo amenipigia. Niko tayari. Twende."

Opiyo akatikisa kichwa. "Hapana."

"Kwa nini hapana? Kama ni sababu ulinifukuza, hiyo tuache leo."

"Nani alikufukuza?"

"Sanduku, Opiyo! Ulinitolea sanduku ukaweka kitandani, kufuli mpya na ufunguo ndani! Hiyo ilikuwa barua gani kama si ya kunifukuza?"

Opiyo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi usingizini. "Nilitengeneza twende nayo Krismasi," akasema. "Mwaka ule wa kwanza uliingia kwetu na hiyo mpira ya baiskeli, Lornah akacheka, nikaona umeinama. Nikasema mwaka huu mke... nikasema Agneta hataingia kwetu na kamba."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Meli ilipiga honi, wote wawili wakashtuka. Agneta alikuwa akilia, hasira na aibu pamoja. "Basi imekwisha. Tumejua. Twende tukamzike Baba."

"Sikiliza." Sauti yake ilikuwa ile ya kwenye simu, na ilikuwa mara ya kwanza Agneta kuisikia na kuona mdomo unaoitoa. "Nilikuoa kwa sababu Odongo alikuwa na shida. Leo Odongo ana shida tena. Nikikupeleka leo, utakuwa umeingia kwetu mara mbili, na mara zote mbili umeitwa na shida. Mimi nitalala na wewe kwa nyumba yangu ya bomani kwa sababu wazee wanangoja nje. Hapana, Agneta. Nitaishi miaka yote nikijiuliza huyu alikuja kwa sababu ya nani."

"Na Odongo?"

"Nitaambia wazee ukweli. Wanichape na maneno. Uongo wangu, mgongo wangu."

"Wewe ni mjinga."

"Najua."

Alisimama, akakung'uta vumbi la gunia kwenye suruali, akaenda kuzika baba yake peke yake. Wanaume wana ujinga wao wanaouita heshima, na ubaya wake ni kwamba mara moja moja huwa ni heshima kweli. Agneta alirudi kwenye ubao akiwa na kitambaa cheusi kichwani. Wiki hiyo kila taa ya Usenge ilipowaka, moyo wake ulitangulia mkono. Zilikuwa simu za watu wengine. Nyumbani aliwasha jiko, akalitazama mpaka likazima, akalala bila kula. Awali upweke wake haukuwa na jina. Sasa ulikuwa nalo, na jina lilikuwa kilomita zaidi ya sabini kutoka pale.

Baada ya wiki tatu Odongo akapiga. Alikuwa bado na kinyongo.

"Nimepiga kukuambia mambo imeisha. Opiyo alisimama mbele ya watu wote akasema mke hana. Wazee walikaa siku nzima wakimtukana, halafu wakatafuta njia, wakachinja, wakatupitisha sisi wadogo. Yeye nyumba yake imekaa tu, imefungwa kimila. Hata likizo amemaliza hataki kurudi kazi." Akakohoa. "Kwa hivyo usijisumbue tena. Huku hakuna mtu anakuhitaji."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kila kitu imepita bila wewe."

"Una uhakika, shemeji?"

"Nimesema!"

"Asante," Agneta akasema. "Asante sana, Odongo." Akavua vidude vya masikioni, akaenda kwa msimamizi kuomba likizo yake ya mwaka.

Alifika Usenge kesho yake saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, omena, dagaa wa ziwani, wamemwagwa juu ya nyavu chini kote ufukweni, harufu yao imejaa hadi njiani. Kwa Dalmas hakusimama. Bomani palikuwa pametulia, kaburi jipya limeanza kuota nyasi. Upande wa kulia wa lango palikuwa na nyumba ndogo ya mabati, mlango wazi, na Opiyo ameketi kizingitini akichambua maharagwe kwenye ungo. Gauni la manjano alilitambua kabla ya uso. Alisimama, maharagwe yakamwagika.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna."

"Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita. Odongo amenipigia akaniambia hakuna mtu ananihitaji huku. Hata mmoja." Akatua sanduku chini, lile la bati, kufuli yake ikimeremeta juani. "Nikaona sasa naweza kuja."

Mambo ya kuonana uso kwa uso bado yalikuwa yanamshinda Opiyo. Akainama kuokota maharagwe, akaacha, akamtazama tena.

"Kwa siku ngapi?"

Agneta akachomoa ufunguo kwenye kufuli, akamtilia kiganjani. "Weka wewe. Mimi nitasahau nimeuweka wapi."

Kutoka jikoni mama yake Opiyo, ambaye macho yake hayakuwa yanaona mbali, akauliza kwa sauti ni nani huyo amesimama hapo nje juani.

Opiyo akaufumbata ule ufunguo.

"Ni mke wangu, Mama," akasema. "Ongeza maji ya ugali."